Maji Chini ya Nyumba

Mtu atokaye Bukavu hahitaji kufundishwa kuteremka. Mji wetu umejengwa juu ya vilima na rasi za Ziwa Kivu, na tangu utoto tumezoea kushuka kwenda ziwani na kupanda tena kurudi nyumbani. Kabla ya safari yetu tulikuwa tumeambiwa kwamba Ubelgiji ni nchi tambarare. Lakini tulipofika Brussels, mji mkuu wa nchi hiyo, na kukaa majuma matatu kwa ndugu zetu Wakongo katika mtaa wa Ixelles, tuliona kwamba hata huko kuna miteremko, na kwamba mteremko mmoja waweza kuleta taabu kubwa ndani ya nyumba ya watu.

Juu ya mteremko huo ni Porte de Namur, na karibu yake ni Matonge, mahali palipopewa jina la mtaa unaojulikana wa Kinshasa. Hapo mgeni husikia Kilingala na Kiswahili barabarani, huona sombe, mihogo, samaki wakavu na vitenge, akasahau kidogo baridi ya Ulaya. Ukishuka kutoka hapo kwa miguu, unafika uwanja wa Flagey. Upande mmoja limesimama jengo refu la matofali ya manjano, lililojengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya redio. Karibu yake ni kanisa la Msalaba Mtakatifu. Na mbele yako yatandazwa mabwawa mawili yenye bata na miti mikubwa kandokando.

Mgeni huyatazama mabwawa hayo na kusema: Mahali pazuri pa kupumzika! Wenyeji wajua zaidi. Hapa zamani ulipita mto mdogo uitwao Maelbeek, maana yake mto wa vinu, kwa kuwa maji yake yalizungusha mawe ya kusagia nafaka. Bonde lake lilikuwa na mabwawa mengi. Katika karne ya 19, mji ulipokuwa ukipanuka, mengine yalifukiwa, na mto wenyewe ukafunikwa, ukapitishwa chini ya barabara. Hata Senne, mto mkubwa zaidi wa mji huo, ulifunikwa katikati ya mji kati ya mwaka 1867 na 1871, kwa sababu ya harufu, magonjwa na mafuriko. Hivi leo mtu aweza kuzunguka Brussels siku nzima asiuone mto uliouzaa mji.

Lakini mto uliofunikwa haukufa. Mvua kubwa ilipoanguka, maji yalishuka kutoka mitaa ya juu, yakakusanyika Flagey kama yalivyofanya tangu kale, na vyumba vya chini vya nyumba vikajaa. Ndiyo sababu wakuu wa mji walichimba chini ya uwanja huo birika kubwa la kupokea maji ya dhoruba, lenye nafasi ya mita za ujazo 33,000, na uwanja ukafunguliwa upya mwaka 2008. Watoto wacheza juu yake, na wengi wao hawajui kwamba chini ya miguu yao mna pango kubwa linalongoja mvua.

Nyumba ya wenyeji wetu ilikuwa katikati ya mteremko, si mbali na uwanja huo. Ilijengwa kabla ya vita vya 1914, kama nyumba nyingi za mtaa ule: nyembamba mbele, ndefu nyuma, imebanwa na nyumba za jirani kuume na kushoto. Ndani yake mna vyumba vitatu vinavyofuatana: sebule upande wa barabara, chumba cha katikati, na chumba cha nyuma kinachotazama ua. Chini ya hivyo vyote mna chumba kingine, nusu yake ndani ya udongo, ambacho wenyeji wakiita kave. Zamani watumishi walipika humo, na makaa ya mawe yalimwagwa kwa kidirisha kilicho sawa na njia ya wapita kwa miguu.

Baba mwenye nyumba ni dereva wa basi, na mkewe hutunza wagonjwa. Waliweka akiba miaka mingi ndipo wakainunua nyumba hiyo. Pamoja nao na watoto wao wanne aliishi mama mzazi wa Baba, ambaye watoto walimwita Koko. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Alilala orofa ya pili, na kila asubuhi aliteremka ngazi akishika ukuta, huku mjukuu mmoja akitangulia mbele yake, tayari kumpokea kama angeteleza. Siku moja aliteleza kweli, akaanguka vipandio vitatu. Mungu alimlinda, hakuvunjika mfupa. Lakini tangu siku hiyo Baba hakupata usingizi. Akaamua: Kave itengenezwe, iwe chumba cha Koko, karibu na jiko na mahali pa kuogea.

Wakati huo sisi tulikuwa hatujafika. Tulisimuliwa kwamba mtu mmoja aliyejiita fundi alikuja, akatazama kuta zenye unyevu, akasema: Kazi ya siku nne. Akapiga lipu ya simenti juu ya matofali, akapaka rangi ngumu ambayo alisema hakuna maji yatakayoipenya, akatandika sakafu ya mbao, akapokea fedha zake, akaenda. Chumba kiling’aa kama kikombe kipya. Haikupita miezi sita, rangi ikaanza kufura kama ngozi iliyoungua. Malengelenge yakapasuka, yakamwaga unga mweupe wa chumvi. Mbao zikapinda. Harufu ya uyoga ikapanda hadi sebuleni, na mtoto wa mwisho akawa anakohoa usiku. Fundi yule hakuonekana tena. Sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imekwisha, na Koko alikuwa angali akipanda ngazi.

Katika hali hiyo ndipo tuliwakuta. Siku ya tatu baada ya kufika kwetu, alikuja fundi mwashi mwingine, mzee wa mji ule ule, mwenye mikono iliyopasuka kwa chokaa. Sisi tulidhani atafungua mfuko wake na kuanza kazi. Hakufungua kitu. Alitoka nje kwanza, akatazama paa. Kisha akatazama ua, bomba za maji, nyumba za jirani. Mwisho kabisa ndipo aliposhuka kave. Baba alimwuliza atatumia dawa gani. Mzee akajibu: “Bwana, kabla ya kuufunga mlango, yafaa kwanza tumjue anayebisha.”

Maneno hayo tuliyaandika siku ile ile katika daftari yetu, kwa maana yote tuliyoyaona baadaye yalitoka humo.

Alituambia kwamba maji yana njia nyingi za kuingia katika chumba kilicho chini ya udongo, na kila njia ina dawa yake. Kuna maji ya paa, yanayomwagika karibu na ukuta wakati bomba limepasuka. Kuna maji ya mvua yaliyonywewa na udongo, yanayousukuma ukuta kutoka ubavuni. Kuna maji yanayopanda ndani ya matofali yenyewe kutoka msingi, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Kwa maana tofali ni kitu chenye matundu madogo sana, na nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa kitu cha kuyazuia. Kuna maji ya ardhini, yanayopanda baada ya mvua nyingi na kuisukuma sakafu toka chini. Tena kuna maji yasiyotoka udongoni hata kidogo: hewa ya joto inayoingia dirishani wakati wa kiangazi hukutana na ukuta baridi, na ukuta hutoa jasho kama chupa ya maji iliyotolewa katika friji.

Tutayatambuaje? Mzee alichukua vipande vya plastiki ngumu, akavibandika ukutani katika sehemu mbalimbali, akafunga kingo zake zote kwa utepe, akasema tungoje siku mbili. Kama matone yataonekana juu ya plastiki, upande wa chumba, basi ni jasho la hewa. Kama yataonekana nyuma yake, upande wa ukuta, basi maji yapita ndani ya ukuta. Watoto walifurahi sana kwa mtihani huo, wakashuka kila saa kuchungulia. Siku ya pili jibu likatoka: ukuta wa mbele ulikuwa na jasho, ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa kutoka ndani. Usiku ikanyesha mvua, na asubuhi mzee akatuonyesha, nyuma ya mmea uliotambaa ukutani, bomba la paa lililopasuka. Maji yote ya nusu ya paa yalikuwa yakimwagwa chini ya ukuta wa nyuma, labda kwa miaka kumi. Tena mawe ya ua yalikuwa yamezama, yakawa yameinamia nyumba badala ya kuinamia bustani.

Baba alinyamaza. Fundi wa kwanza alikuwa ameziba ukuta kwa ndani, huku bomba la nje likiendelea kuunywesha. Wazee wetu walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini yafaa kuongeza kwamba ufa wenyewe hauko kila mara mahali panapolowa.

Mzee akatueleza pia kwa nini rangi ile ilishindwa. Maji yakisimama kwa kimo cha mita moja, husukuma kwa nguvu ya tani moja juu ya kila mita ya eneo iliyo chini yake. Sakafu ya mita 20 za eneo, yenye maji ya nusu mita yanayoisukuma toka chini, hubeba tani 10. Rangi ni ngozi tu. Hushikwa na ukuta kwa nguvu ndogo. Ikipakwa upande wa nje, maji huisukuma ishikamane na ukuta. Ikipakwa upande wa ndani, maji huisukuma iachane nao. Na chumvi ambayo maji huibeba toka udongoni hukauka nyuma ya rangi, ikageuka mawe madogo madogo, ikazidi kuvunja.

Kisha kazi ikaanza, na ilianzia juu. Siku ya kwanza bomba la paa likabadilishwa. Siku mbili zilizofuata mawe ya ua yakang’olewa na kupangwa upya, yakainamishwa sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yaende bustanini. Baba alisema kwa mzaha kwamba amemwita fundi wa kave, naye hataki kushuka kave.

Baadaye ukachimbwa udongo kando ya ukuta wa nyuma hadi karibu na msingi, bila kupita chini yake, wala si mahali pote kwa mara moja. Walichimba kipande, wakakitengeneza, wakakifukia, ndipo wakaanza kingine. Kwa maana ukuta wa kale huegemea udongo wake, na ukiuondolea wote kwa siku moja waweza kukuangukia. Matofali yakasafishwa, viungo vilivyooza vikajazwa, lipu ya simenti ikapigwa, juu yake lami, na juu ya lami utando wa plastiki wenye vinundu, unaoacha nafasi ya maji kuteremka. Chini likalazwa bomba lenye matundu, limefunikwa kwa kokoto na kuviringishwa kitambaa kinachozuia matope, likiteremka taratibu hadi kwenye shimo la kukusanyia maji.

Upande wa barabara haukuweza kuchimbwa, na pande mbili nyingine zilikuwa kuta za pamoja na majirani. Hapo tuliona jambo lililotupendeza. Baba alivaa vizuri siku ya Jumapili baada ya Misa, akaenda na mkewe kubisha kwa jirani wa kuume, mzee Mbelgiji ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana tu. Jirani aliwakaribisha, akawashusha kave yake: ilikuwa na unyevu vilevile, naye hakujua sababu. Toka siku hiyo wakaulizana habari, na bomba la jirani nalo likatengenezwa. Maji hayajui mpaka wa shamba la mtu. Basi anayetaka kupigana nayo peke yake ajua kwamba atashindwa.

Ndani ya kave, lipu ya simenti na rangi vikabanduliwa vyote. Chumvi ikapigwa brashi kavu na kuzolewa. Mzee alikataza kuiosha kwa maji, kwani ingeyeyuka na kurudi ndani ya tofali. Karibu na sakafu yakatobolewa matundu mengi katika mstari mmoja, na ndani yake ikaingizwa dawa inayofanya matofali yakatae maji, ili utambi ule ukatwe. Sakafuni likachimbwa shimo dogo lenye pampu ya umeme, iliyofungwa na fundi umeme mwenye ujuzi, kwa sababu maji na umeme vikikutana huua. Kwenye bomba la maji machafu kikawekwa kilango kinachofunguka upande mmoja tu, ili siku ya dhoruba mfereji wa mji usirudishe uchafu ndani ya nyumba.

Lakini lipu mpya haikupigwa. “Ukuta huu umekunywa miaka mingi,” alisema mzee, “mwacheni apumue.” Ukuta mnene haukauki kwa juma moja, mafundi huhesabu miezi, hata mwaka na zaidi. Akawaagiza wafungue kidirisha siku za baridi kavu, wakifunge mchana wa joto lenye unyevu, na mwishoni watumie lipu ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu utoke.

Hapo Baba akauliza swali lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: Je, ukuta ukikauka, Koko aweza kulala humu? Mzee alisita. Akasema kwamba chumba kikavu si lazima kiwe chumba cha kulala. Sheria za mji zataka chumba cha kukaa watu kiwe na kimo cha kutosha na mwanga wa kutosha, na kave hii haina hivyo. Akaongeza kwamba hakuna lami wala pampu inayoweza kumwapia mtu kwamba maji hayataingia kamwe. Akatukumbusha Julai ya mwaka 2021, mto Vesdre ulipopanda mashariki mwa nchi, ukaharibu nyumba za Verviers na Pepinster. Katika mafuriko ya siku zile walikufa watu 39 katika Ubelgiji. “Kave ni mahali pa viazi na mashine ya kufulia,” alisema. “Anayelala humo awe mtu awezaye kukimbia.”

Baba alikasirika. Fedha, miezi, mavumbi, yote kwa ajili ya viazi? Koko, aliyekuwa amesikia maneno kutoka juu, akaomba ashushwe. Alishuka akiketi kipandio kwa kipandio, akaweka kiganja juu ya matofali, akakaa kimya. Kisha akasema: “Kwetu, kabla ya kuinua nyumba kwenye mlima, tulichimba kwanza mfereji upande wa juu. Mzee huyu anafanya kazi ya baba zenu.” Akainua macho kwenye kidirisha. Viatu vilikuwa vikipita nje, viatu tu. “Mwanangu, sikukatai. Lakini hapa nitaona miguu ya watu mpaka siku ya kufa. Mimi napenda kuona nyuso.”

Hakuna aliyejibu. Usiku ule, baada ya sala, Baba na Mama walikaa peke yao sebuleni. Sebule hiyo ilikuwa fahari yao: viti vizuri, kabati la vioo, picha ya harusi, mahali pa kupokea wageni. Asubuhi tuliitwa kusaidia kubeba. Viti vikahamia chumba cha katikati, kabati likasukumwa kando, na kitanda cha Koko kikawekwa sebuleni, karibu na dirisha kubwa la barabara. Hakuna ngazi kati yake na meza ya chakula.

Je, kazi ya kave ilikuwa bure? La. Harufu ilipungua hata kabla hatujaondoka, na baadaye tuliandikiwa kwamba mtoto hakohoi tena usiku. Mwaka uliofuata kuta zilipigwa chokaa, na mashine ya kufulia na magunia ya viazi viko humo, juu ya rafu, si sakafuni. Nyumba yote imesimama juu ya msingi unaokauka, na jambo hilo lamfaa Koko juu sawasawa na viazi chini.

Tuliporudi Bukavu, msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Tulizitazama nyumba zetu kwa macho mapya. Wangapi kati yetu tumekata mlima, tukaegemeza ukuta wa nyuma juu ya udongo, kisha kila mwaka twanunua rangi ya kuficha madoa? Kabla ya kununua debe lingine, tutoke nje wakati mvua inanyesha, tutazame maji yaanguka wapi na yapita wapi. Tuache nafasi kati ya mlima na ukuta. Tuchimbe mfereji upande wa juu, tuupeleke mbali bila kumwangushia jirani wa chini taabu yetu. Tutengeneze mabati na bomba zake. Kisha, ikiwa ukuta bado unalia, tumwite fundi, nasi tumpime kwa jambo hili moja: je, ameuliza kwanza ni nani anayebisha?